Safari ya Besiboli na Softiboli Afrika Mashariki

Besiboli iliingia Afrika Mashariki miongo mingi baada ya soka, na mlango iliopitia ni ule wa shule. Haikuletwa na jeshi, wala na kampuni ya reli, wala na makarani wa bandari waliokuwa wakitafuta burudani ya jioni. Ililetwa na walimu, wamisionari na watu wa kujitolea, na mara nyingi ilikaa pale tu mtu huyo alipokaa. Historia yake katika ukanda huu kwa hiyo ni historia ya shule chache, viwanja vichache zaidi, na swali moja lililojirudia kila mahali: nani ataendelea kufundisha mgeni akishaondoka?

Kwao Marekani mchezo huu ulianza kama jambo la klabu. Mwaka 1845 klabu ya Knickerbocker ya New York iliandika kanuni zake, na Juni 1846 ikacheza na timu nyingine huko Hoboken, ng'ambo ya mto Hudson. Mfumo uliotokana na kanuni hizo unajulikana leo duniani kote. Timu mbili za wachezaji tisa hupokezana kupiga na kuzuia. Mrushaji hutupa mpira kutoka umbali wa mita 18.44, na mpigaji akiupata kwa gongo lake hukimbia kuzunguka vituo vinne vilivyopangwa kwa umbo la almasi, kila kimoja kikiwa mita 27.43 kutoka kingine. Akirudi salama pale alipoanzia, timu yake imepata pointi moja. Wapigaji watatu wakitolewa, timu hubadilishana nafasi, na mchezo mzima una awamu tisa. Softiboli ilizaliwa mwaka 1887 katika jiji la Chicago, ndani ya jengo la klabu ya mashua, George Hancock alipobuni namna ya kuucheza mchezo huo ukumbini wakati wa baridi. Mpira wake ni mkubwa zaidi, mrushaji huupeleka kwa mkono unaotokea chini, vituo vimesogezwa hadi mita 18.29, na awamu ni saba. Kwa miaka mingi softiboli imekuwa ndiyo mchezo mkuu wa wanawake katika familia hii, ingawa wanaume nao huucheza.

Kutoka Marekani besiboli ilisambaa kwa kufuata nyayo za Wamarekani wenyewe. Nchini Japani ilifikishwa na mwalimu, Horace Wilson, mwaka 1872, na kwa kuwa ilianzia darasani ikabaki kuwa mali ya shule. Mashindano ya kitaifa ya shule za sekondari yalianza mwaka 1915, na mwaka 1924 ukajengwa uwanja wa Koshien karibu na Osaka, ambao jina lake limekuwa jina la mashindano yenyewe. Njia hii ya Kijapani ndiyo iliyokuja kufika Dar es Salaam karibu miaka mia moja baadaye.

Ujerumani ilipita njia nyingine, na inafaa kuitazama kidogo kwa sababu ya uhusiano wake wa zamani na Tanganyika. Wajerumani walioitawala nchi hii hadi Vita Kuu ya Kwanza hawakuwa na besiboli ya kuileta, maana kwao ilikuwa bado haijajengeka. Agosti 1936, wakati wa Michezo ya Olimpiki ya Berlin, timu mbili za Wamarekani zilicheza mechi ya maonyesho mbele ya umati unaokadiriwa kuzidi watu 90,000, lakini wengi wa watazamaji hao hawakuujua mchezo waliokuwa wakiutazama. Mizizi ilishika baada ya mwaka 1945, pale wanajeshi wa Marekani waliopiga kambi kusini mwa nchi walipojenga viwanja na kuanza kucheza na vijana wa Kijerumani. Shirikisho la taifa likaundwa mwaka 1951. Klabu ya Mannheim Tornados, iliyoanzishwa mwaka 1975, ilikuja kutwaa ubingwa wa taifa mara nyingi, na ligi kuu ya Bundesliga ikaanza mwaka 1984. Klabu ya Kijerumani ina wanachama wanaolipa ada, ina uwanja wake au haki ya kudumu ya kuutumia wa manispaa, na huweka watoto, wanaume na wanawake, besiboli na softiboli, chini ya paa moja. Kutoka katika mfumo huo alitoka Donald Lutz, aliyekulia Friedberg na kufika ligi kuu ya Marekani mwaka 2013 akiwa na Cincinnati Reds, kisha Max Kepler wa Berlin, aliyeanza na Minnesota Twins mwaka 2015 na kupiga mipira 36 ya nje ya uzio katika msimu wa 2019.

Afrika Mashariki haikuwa na kambi za Wamarekani. Waingereza waliotawala Kenya, Uganda na Tanganyika walileta soka, kriketi na hoki, na michezo hiyo ikapata viwanja, vyama na ratiba mapema. Kilichokaribiana zaidi na besiboli ni mchezo wa raunda, ambao wasichana wa shule nyingi za Kenya na Uganda waliucheza na wanaucheza hadi leo, wakipiga mpira kwa gongo fupi na kukimbia kuzunguka vituo. Binti aliyezoea raunda hahitaji kuelezwa kwa nini anakimbia kituo kimoja hadi kingine. Ni hazina ambayo walimu wa softiboli waliokuja baadaye wangeweza kuanzia hapo hapo.

Uganda ndiyo iliyotangulia. Wamisionari na watu wa kujitolea kutoka Marekani, pamoja na vijana wa kujitolea wa Japani waliopelekwa na shirika la JICA, waliwafundisha vijana wa Kampala na miji ya jirani, na polepole shule na vyuo vikaanza kuwa na timu. Vifaa vilikuwa vya mitumba. Uwanja ulikuwa ule wa soka, au sehemu yake, pale wachezaji wa soka walipokubali kuupisha. Katika miaka ya 2000 alifika Richard Stanley, mhandisi mstaafu wa Marekani aliyekuwa na hisa katika klabu ya Trenton Thunder ya New Jersey. Stanley alifanya jambo ambalo waliomtangulia hawakuwa na uwezo nalo: alijenga. Huko Mpigi, magharibi mwa Kampala, aligharimia viwanja halisi vya besiboli na softiboli pamoja na shule ya sekondari iliyojulikana kwa kifupi kama AVRS. Kwa mara ya kwanza watoto wa Uganda walikuwa na mahali ambapo almasi ilichorwa ili ibaki.

Matunda yalionekana haraka kuliko ilivyotarajiwa. Mwaka 2011 timu ya watoto ya Rev. John Foundation ya Kampala ilikwenda Kutno, Poland, kushindana katika kanda ya Mashariki ya Kati na Afrika ya mfumo wa Little League, katika daraja ambalo wakati huo lilihusu watoto wa miaka 11 hadi 13. Waliishinda timu ya Dhahran ya Saudi Arabia, iliyozoea kutwaa nafasi hiyo na ambayo wachezaji wake wengi walikuwa watoto wa wafanyakazi wa mafuta kutoka ng'ambo. Ilikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kufuzu kwa fainali za dunia zinazochezwa kila Agosti huko South Williamsport, Pennsylvania. Hawakwenda. Maofisa wa Marekani waliwanyima viza, wakisema kumbukumbu za tarehe za kuzaliwa hazilingani, na nafasi yao ikachukuliwa na timu ile ile ya Dhahran waliyokuwa wameishinda.

Uamuzi huo uliwaumiza watoto kwa kosa ambalo si lao. Katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ya wakati ule, mtoto angeweza kufika darasa la sita bila kuwa na cheti cha kuzaliwa, na mzazi au mlezi aliyelazimika kukitafuta kwa haraka alijaza alichokumbuka. Mchezo unaopangwa kwa umri hadi siku na mwezi ulikutana na jamii ambayo tarehe hiyo haikuwa imewahi kuulizwa. Baada ya hapo, ukaguzi wa nyaraka ukawa sehemu ya kazi ya kocha wa Uganda sawa na kufundisha kurusha mpira.

Timu ambayo Waganda walipaswa kufungua nayo fainali za 2011 ilitoka Langley, British Columbia, nchini Kanada. Michango ilikusanywa, na Januari 2012 watoto wa Langley wakasafiri hadi Uganda ili mechi iliyokosekana ichezwe. Jimmy Rollins, nyota wa Philadelphia Phillies wakati huo, alikuwapo. Waganda walishinda 2–1. Katika historia nzima ya mchezo huu Afrika Mashariki ni vigumu kuitaja siku nyingine yenye uzito kama ile: wenyeji, katika ardhi yao, mbele ya watu wao, wakithibitisha kwamba nafasi waliyonyimwa walikuwa wameipata kwa haki.

Miezi michache baadaye zamu ikawa ya Lugazi, mji wa viwanda vya sukari ulio kwenye barabara ya Kampala kwenda Jinja. Chini ya kocha Henry Odong, timu ya Lugazi ilishinda kanda, ikapata viza, na Agosti 2012 ikawa ya kwanza kutoka Afrika kucheza South Williamsport. Ilifungwa na Panama 9–3 na ikatolewa mapema, lakini katika mechi ya ziada iliishinda timu ya Gresham, Oregon, 3–2. Mwaka uliofuata kanda zilipangwa upya, na Uganda ikawekwa pamoja na Ulaya, hivyo njia ya kwenda Pennsylvania ikapita kwa Italia, Uhispania na Jamhuri ya Cheki, nchi zenye ligi za miaka mingi. Hata hivyo mwaka 2015 timu ya Uganda ilipita tena, na safari hii ikaishinda Jamhuri ya Dominika 4–1 katika mashindano yenyewe. Jamhuri ya Dominika ni nchi ambayo kila msimu hujaza ligi kuu ya Marekani kwa wachezaji wake.

Tanzania ilianza baadaye na kwa mwendo tofauti. Shinya Tomonari, mtumishi wa JICA, alikuwa amefundisha besiboli Ghana katika nusu ya pili ya miaka ya 1990 na kurudi kwao akiwa na imani kwamba mchezo huo unaweza kulea vijana wa Afrika kama ulivyolea vijana wa Japani. Mwaka 2003 alianzisha nchini kwake jumuiya ya marafiki wa besiboli ya Afrika. Alipohamishiwa Dar es Salaam mwaka 2012 alikuta nchi ambayo karibu hakuna aliyewahi kushika glovu. Alianza na shule za sekondari za jiji, Azania ikiwa miongoni mwa za mwanzo, na badala ya kukimbilia kuunda timu ya taifa aliandaa mashindano ya shule yaliyopewa jina la Tanzania Koshien. Wavulana walicheza besiboli, na wasichana wakapata nafasi yao katika softiboli. Vijana wa kujitolea wa Japani waliopangiwa kufundisha mikoani walianzisha timu huko waliko, kama ile ya Sanya Juu, wilayani Siha mkoani Kilimanjaro, na kuzileta Dar es Salaam kushindana. Uendeshaji ukashikwa na chama cha Watanzania wenyewe, kinachojulikana kwa kifupi kama TaBSA.

Msisitizo wa mashindano hayo haukuwa ushindi peke yake. Mambo matatu yaliwekwa mbele: nidhamu, heshima na haki. Timu hupanga mstari na kusalimiana kwa kuinama kabla na baada ya mchezo, uamuzi wa mwamuzi haupingwi kwa kelele, na vifaa husafishwa na kupangwa na wachezaji wenyewe. Mwalimu wa shule ya Tanzania, aliyezoea gwaride la asubuhi na usafi wa mazingira, hakuona mambo haya kuwa ya kigeni hata kidogo, na huenda hiyo ni sababu mojawapo ya mchezo kupokewa na wakuu wa shule ambao hawakuwahi kuutazama hata kwenye runinga.

Mwaka 2018, kwa msaada wa serikali ya Japani, uwanja wa besiboli ulifunguliwa katika eneo la Shule ya Sekondari Azania, Upanga, nao ukaitwa Koshien. Umuhimu wake ni wa kiufundi kwanza. Mpira wa besiboli ni wa ngozi iliyoshonwa, na ardhi ya kokoto huuchana baada ya siku chache, huku mpira unaogonga jiwe ukibadili mwelekeo na kumpiga mzuiaji usoni. Mrushaji anahitaji kilima kidogo cha udongo ulioshindiliwa. Mdakaji anahitaji wavu nyuma yake, la sivyo nusu ya mazoezi inaishia katika kufuata mipira vichakani. Timu inayofanya mazoezi katika uwanja wa aina hiyo kwa mwaka mmoja hujifunza mambo ambayo timu ya uwanja wa soka huyakosa kwa miaka mitano.

Gharama ndiyo kizuizi kinachotajwa mara nyingi, na ni cha kweli. Soka inahitaji mpira mmoja kwa watu 22. Besiboli inahitaji glovu tisa kwa kila upande unaozuia, na ya mtumiaji wa mkono wa kushoto si sawa na ya mkono wa kulia. Inahitaji magongo, kofia ngumu, na vazi kamili la mdakaji la kulinda uso, kifua na miguu. Vifaa hivi haviuzwi katika maduka ya kawaida ya michezo Tanzania. Timu nyingi hutumia vilivyotolewa Japani na Marekani baada ya kutumika, na glovu ikichanika hupelekwa kwa fundi viatu. Hata hivyo pale mchezo ulipokufa, kilichokosekana mara nyingi ni mwalimu. Mtu wa kujitolea hukaa miaka miwili, na ikiwa katika muda huo hakumwachia mwenyeji kazi yake, magongo hubaki stoo. Uganda imesonga mbele zaidi kwa sababu wachezaji wake wa kwanza waligeuka makocha na waamuzi.

Mbali na pwani hali inaonekana wazi zaidi. Mji wa Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara tangu mkoa huo ulipokatwa kutoka Arusha mwaka 2002, upo kwenye barabara kuu ya Dodoma na Arusha, na michezo yake imejipanga kulingana na historia yake. Uwanja wa Tanzanite Kwaraa, ambako kilele cha Mbio za Mwenge wa Uhuru kilifanyika mwaka 2023, ni uwanja wa soka, na Fountain Gate wameutumia kwa mechi za Ligi Kuu. Riadha nayo ina heshima ya pekee katika mkoa uliomtoa John Stephen Akhwari wa Mbulu, aliyemaliza marathoni ya Mexico mwaka 1968 akiwa amejeruhiwa. Mashuleni, ratiba ya mwaka hufuata UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari, ambako timu huchaguliwa kutoka shule hadi wilaya, mkoa na taifa katika soka, netiboli, voliboli, mpira wa mikono na riadha. Mwalimu wa michezo wa Magugu, Dareda au Gallapo hupimwa kwa michezo hiyo, na mchezo usiokuwamo humtaka autafutie muda mwenyewe.

Lakini kwa upande wa vipaji hakuna pengo kubwa. Wasichana wa shule za msingi za Tanzania hucheza rede kila siku: wawili wakirusha mpira kutoka pande mbili, mmoja katikati akikwepa na kujaza chupa mchanga. Anayeucheza vizuri ana jicho la kuufuata mpira na mkono wa kuurusha kwa kulenga, na hayo ndiyo mambo magumu kuliko yote kumfundisha mtu aliyekwisha kuwa mkubwa. Softiboli pia haihitaji uwanja mpya. Vituo vyake vya mita 18.29 huingia katika kona moja ya uwanja wa soka na kuacha nafasi ya kutosha kwa wazuiaji wa nyuma, wakati besiboli ya watu wazima huhitaji eneo kubwa zaidi. Kwa mji wa bara wenye viwanja vya soka tu, njia iliyo rahisi kuanzia ni softiboli ya wasichana, na ni jambo la kusikitisha kwamba katika mipango mingi ya msaada imewekwa nafasi ya pili.

Wakati huo huo milango ya juu imeanza kufunguka. Aprili 2017 Gift Ngoepe wa Afrika Kusini akawa Mwafrika wa kwanza kucheza ligi kuu ya Marekani, akiwa na Pittsburgh Pirates, na katika zamu yake ya kwanza kabisa ya kupiga akaupata mpira na kufika kituo. Januari 2022 Los Angeles Dodgers waliwasaini Waganda wawili warushaji, Ben Serunkuma na Umar Male, na mwaka uliofuata Pirates wakamchukua David Matoma. Mwaka 2023 pia Dennis Kasumba, mdakaji kutoka Wakiso ambaye video zake za mazoezi kwa matairi na magogo zilikuwa zimetazamwa duniani kote, alicheza Frederick, Maryland, katika ligi ya vijana wanaotafuta kuchaguliwa, baada ya ombi lake la viza kukataliwa mwanzoni. Wote hao ni wavulana. Binti wa softiboli wa Afrika Mashariki hana soko la namna hiyo, na kwake njia ya mbele ni chuo au timu ya taifa.

Kwa timu za taifa, kila kitu huning'inia kwenye Olimpiki, kwa kuwa serikali nyingi hutoa fedha kwa michezo iliyomo. Besiboli iliingia rasmi mwaka 1992 Barcelona, na softiboli mwaka 1996 Atlanta. Mwaka 2005 kamati ya kimataifa iliamua kuiondoa yote miwili baada ya Beijing 2008, na uamuzi huo uliyapunguzia mashirikisho madogo nguvu pale pale yalipokuwa yakianza kujijenga. Mwaka 2013 mashirikisho mawili ya dunia yaliungana na kuwa moja, WBSC, na michezo ikarudi Tokyo, ikakosekana tena Paris 2024. Kwa ajili ya Tokyo, Afrika na Ulaya ziligawana nafasi moja kwa kila mchezo: Israel iliichukua ya besiboli nchini Italia mwaka 2019, na Italia ikachukua ya softiboli huko Utrecht. Kutoka Afrika, ni Afrika Kusini pekee iliyowahi kucheza besiboli ya Olimpiki, huko Sydney mwaka 2000.

Kazi ya Tomonari iliendelea kupitia taasisi ya Japani na Afrika iliyoundwa kwa ajili ya besiboli na softiboli, na Hideki Matsui, aliyevaa namba 55 katika timu za Yomiuri Giants na New York Yankees, alijiunga na mpango wake wa kupeleka mashindano ya aina ya Koshien katika nchi zote 55 za Umoja wa Afrika. Ghana na Kenya zimo miongoni mwa zilizofuata mfano wa Tanzania. Michezo yote miwili imerudishwa katika ratiba ya Los Angeles 2028, kila mmoja ukiwa na timu sita.